Kauboi wa Bi Kheiria

Wiki ya mwisho kabla ya Idi, mtaa wa mafundi wa viti vya gari kule Wadi Kabir, Maskati, hauna pa kutia mguu. Kila mwenye gari kakumbuka ghafla kwamba viti vyake vimechakaa, na kila mmoja anataka amalizwe yeye kwanza. Cherehani zilikuwa zikivuma, harufu ya gundi na ngozi mpya imetanda, na katikati ya wanaume wa kanzu nyeupe wenye funguo mikononi alisimama msichana wa abaya ya rangi ya udongo, mikono ya abaya kaipandisha mpaka viwikoni, macho kayakaza kwenye kiti kimoja kikuukuu kilichong'olewa garini na kuegemezwa ukutani.

Huyo ndiye Khawla binti Nasr. Asubuhi alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya bima kule Qurum, nadhifu na mpole, mtu ambaye wenzake hawakumjua sana. Jioni alikuwa mwingine kabisa. Alitengeneza kolaji, yaani picha za kubandika vipande: karatasi, kitambaa, ngozi, kamba, bati, mchanga, chochote kilichokubali gundi au msumari. Na picha zake zote zilikuwa za makauboi wa Marekani, wenye kofia pana na farasi waliochoka, wakipita kwenye nchi kavu isiyo na mti. Mapenzi hayo aliyarithi kwa baba yake. Mzee Nasr alizaliwa Tabora, na utotoni alikuwa akikaa chini uwanjani kutazama filamu za makauboi zikioneshwa kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Mpaka leo, dereva akimchomekea barabarani, humwita jambazi wa Teksas.

"Mama, ngozi nimeiona," Khawla alisema kwenye simu kwa Kiswahili. "Ya kahawia, imepasukapasuka, ndiyo hasa ninayoitaka. Ila kuna bwana kaikalia. Hapana, haondoki. Mzuri, lakini naona ni mzito."

Kusema Kiswahili Maskati kwa kutumaini kwamba hutasikika ni upumbavu ambao kila mtu wa pale keshaufanya, tena si mara moja. Yule bwana aliyekaa juu ya kiti kibovu aliinua macho kutoka kwenye simu yake. Alikuwa na ndevu zilizochongwa vizuri, kofia ya kufumwa kaisogeza nyuma kidogo, na kicheko alichokuwa akikizuia kwa shida.

"Ningeondoka," alisema, "lakini hapa hapana kiti chengine."

Khawla alikata simu bila hata kumuaga mama yake. "Samahani, kaka yangu. Nilikuwa nakisema kiti."

"Kiti ndicho kizuri?"

"Kiti ndicho kizito."

"Basi mzuri ni nani?"

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Badala yake akacheka, naye yule bwana akacheka, na fundi aliyekuwa akiwapita na vitambaa begani akawaambia kwa Kiarabu kwamba kama wanataka kucheka wakacheke nje. Yule bwana jina lake Jaifar. Alikuwa mhandisi wa maji, na gari lile lilikuwa la marehemu baba yake. Ndiyo maana alikuja kulishughulikia mwenyewe badala ya kuliacha na kuondoka zake.

"Ngozi hii inatupwa," alisema. "Waitakia nini?"

"Namvisha kauboi."

Jaifar alisubiri aendelee, akaona haendelei. "Kauboi gani?"

"Njoo umuone."

Alimtajia nyumba ya sanaa ya rafiki yake Bashayer, kule Madinat Sultan Qaboos, wala namba yake ya simu hakumpa. Akaondoka na ngozi kaiviringisha kwapani. Alipofika garini ndipo alipogundua kwamba bado anatabasamu.

*

Jaifar alikwenda. Alikwenda mara ya kwanza kuona ngozi ya kiti cha baba yake imegeuka nini, akaikuta imekuwa fulana ya mpanda farasi, mishono ya zamani ikionekana vile vile. Mara ya pili alikwenda kwa sababu alisahau miwani yake. Mara ya tatu Bashayer, ambaye ndiye mwenye nyumba ile ya sanaa na hakuwa mtu wa kuficha maneno, alimwambia asijisumbue kutafuta sababu, aje tu.

Chumba cha kazi kilikuwa nyuma ya ukumbi wa maonesho, na mlango wake haukufungwa kamwe, ili Bashayer aone na aonekane. Hapo Khawla alikata na kubandika, shela kalifunga kisogoni, vidole vimejaa gundi iliyokauka. Jaifar alikaa kwenye kigoda karibu na mlango na kuuliza maswali.

"Kwa nini hutoi kopi ya vitu hivi ukakata kopi? Ofisini kwetu ramani ikiharibika tunachapa nyengine."

"Kopi haina umri," Khawla alijibu bila kuinua kichwa. "Mtu akisimama mbele ya picha yangu nataka ajue kwamba kamba hii iliwahi kufunga kitu, na suruali hii ya jinzi iliwahi kuvaliwa. Kitu cha kweli, au basi."

"Na huyu kauboi yuko wapi hapa alipo?"

"Arizona."

"Hapa si Arizona, bibiye. Mlima huu nnauona kila asubuhi nikifungua dirisha. Hapa ni nyuma ya nyumba yetu, Al Amerat."

Khawla aliitazama picha yake kwa muda mrefu. Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo alidhani anatengeneza Marekani ya baba yake, kumbe alikuwa akibandika milima anayoiona kutoka barabarani. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko sifa zote alizowahi kupewa, na tangu siku hiyo alianza kumngoja Jaifar, ingawa alijifanya hangoji.

Wanaume wengine hupeleka udi au mafuta mazuri. Jaifar alipeleka mifuko ya mchanga. Kazi yake ya kufuata mabomba ilimpitisha kwenye mabonde mengi, na kila alipoona udongo wa rangi mpya alisimamisha gari akachota: mwekundu, wa kijivu, mweupe wa kumetameta. Simu zao za jioni zilianzia kwenye mchanga na kuishia pengine.

"Leo nimekuchotea wa zambarau."

"Hakuna mchanga wa zambarau. Nyinyi watu wa Unguja mna chumvi."

"Na nyinyi wa bara hamuamini mpaka mtiwe mkononi. Skiliza, mpenzi wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina hilo. Khawla alikuwa kajilaza kitandani na simu sikioni, akainuka akakaa.

"Nakusikiliza."

"Nnataka mama akujue. Mie ndiye nliyebaki naye nyumbani, na bila yeye sifanyi kitu."

"Nije kumsalimia?"

"Hapana, si hivyo. Mama ana njia zake. Ataanza mwenyewe, na utajua akianza."

Khawla hakuuliza ni njia gani hizo. Laiti angeuliza, hadithi hii ingekuwa fupi sana.

*

Idi kubwa ilimkuta Khawla na baba yake peke yao nyumbani. Mama yake alikuwa kaenda Salalah, ambako dada yake Khawla alikuwa kajifungua, na asingerudi mpaka arobaini itimie. Siku ya Idi mosi, baada ya kuwasalimia jamaa, Khawla alipita kwenye nyumba ya sanaa, maana maonesho yake ya kwanza yalikuwa yanakaribia na kazi ilikuwa bado nyingi. Jaifar alimfuata huko. Alikuwa kavaa kanzu mpya iliyopigwa pasi ikasimama, kilemba cha rangi ya zafarani, na harufu ya udi ilimtangulia mlangoni.

"Mama kakuletea," alisema, na kumkabidhi mkebe kwa mikono miwili. "Visheti na vileja. Kapika mwenyewe."

Khawla aliupokea, akautazama, na roho yake ikaruka. Ulikuwa mkebe wa biskuti wa zamani, mkubwa, wa bati, dhahabu ya kingoni imefutika kwa kushikwashikwa. Ubavuni ulikuwa na maua mekundu. Na juu ya kifuniko alikuwepo kauboi juu ya farasi mweusi, kamba kaizungusha hewani, nyuma yake mbingu yote imeiva.

"Mama yako anajua kuhusu picha zangu?"

"Nimemwambia unapika makauboi kwa gundi," Jaifar alisema. "Kacheka mpaka akakohoa."

Basi Khawla akaelewa, au alidhani kaelewa. Mama wa watu kasikia habari zake, kapekua makabati yake yote, kamtafutia kitu kinachomfaa kwa kazi yake, akamtilia na visheti juu. Alijiona kapendwa kabla hajaonekana uso. Machozi yalimlenga, akageuka upesi kutafuta sahani.

Siku hizi Maskati watu hupelekeana vyakula kwa vyombo vya plastiki vya kutupa. Sambusa huja ndani ya kisanduku chepesi, biriani huja ndani ya trei ya karatasi ya fedha, na vikishaliwa, vyote huenda jaani. Khawla kakulia katika zama hizo. Visheti alivila yeye na Bashayer mpaka chembe ya mwisho, mkebe akauosha, akaukausha, akaufunika kwa kitambaa safi. Siku ya pili yake akavaa glavu, akachukua mkasi wa bati.

Alifanya kazi ile kwa heshima zote. Alimkata yule mpanda farasi taratibu, akizunguka kila ukwato, akalainisha kingo kwa msasa zisije zikamkata mtu. Ubavu wa mkebe aliupiga nyundo juu ya mbao mpaka ukalala, akautumia kwa mbingu. Chini akamwaga mchanga wote wa Jaifar, mfuko kwa mfuko, na kweli wa zambarau ulikuwemo. Aliiita picha ile *Anapita Al Amerat*, na alijua, kama fundi anavyojua, kwamba hajawahi kutengeneza kitu kizuri namna hiyo. Akaigeuzia ukutani ili Jaifar asiione kabla ya siku yake.

"Vile visheti vya mama umevionaje?" Jaifar aliuliza kwenye simu.

"Vitamu. Mpe salamu nyingi. Na mkebe, mwambie ataona mwenyewe."

"Ataona nini?"

"Acha pupa. Ni siri yangu."

Jaifar alicheka, na alipofika nyumbani alimwambia mama yake kwamba mkebe unakuja.

*

Haukuja. Wiki zilipita. Khawla alikuwa kazama katika matayarisho, hakuona mara moja kwamba simu za jioni zimefupika. Mwanzoni Jaifar alisema kazi nyingi. Kisha mifuko ya mchanga ikakoma. Kisha ikawa Khawla ndiye anayepiga, na sauti inayojibu ni ya adabu tupu, sauti ya mtu anayezungumza na mteja.

"Nimekukosea nini?" alimuuliza siku moja, amesimama kwenye maegesho ya ofisi yake, jua likimchoma kichwani.

"Hukunikosea kitu."

"Mbona umekuwa hivi?"

"Khawla, kila mtu ana haki ya kuchagua. Mie sitaki kukutia uzito. Tumeelewa, na tunakushukuru kwa ustaarabu wako."

"Mmeelewa nini? Nani na nani?"

"Basi, tusitoneshe kidonda. Nakuombea maonesho mema."

Alikata. Khawla alibaki na simu mkononi, kachanganyikiwa kabisa. Usiku huo na usiku uliofuata alilia, kisha akaona aibu kulia kwa mtu asiyetaka hata kumwambia kosa lake. Akajipa moyo kwa hasira. Alimtumia kadi ya mwaliko kwa simu bila neno lolote, naye Jaifar akaiona, alama ikaonesha kwamba kaiona, na hakujibu.

Maonesho yalifunguliwa Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Bashayer alikuwa kapaka kuta rangi ya maziwa na kuzielekeza taa vizuri, na *Anapita Al Amerat* kaitundika peke yake kwenye ukuta unaoukabili mlango. Watu walijaa. Walikuwepo mabibi wa Qurum wenye mabegi ya bei, walimu wa sanaa, vijana wa chuo, na Mzee Nasr katika kilemba chake bora, akimweleza kila aliyesimama karibu naye jinsi bunduki inavyochomolewa. Khawla alivaa abaya nyeusi yenye uzi wa shaba kwenye mikono. Alipongezwa, alishikwa mikono, alipigwa picha. Kila mlango ulipofunguliwa alitazama, na kila aliyeingia hakuwa yeye.

"Hoteli moja imeichukua ile kubwa," Bashayer alimnong'oneza. Alikuwa kabandika doa jekundu pembeni ya *Anapita Al Amerat*, kuonesha kwamba ina mwenyewe. "Wataitundika ukumbini kwao. Tabasamu basi, habibti, leo siku yako."

Hapo simu ikalia. Alikuwa mama yake kutoka Salalah, kwa video, mjukuu begani.

"Nizungushe nione," mama alisema. "Taratibu, usinitie kizunguzungu."

Khawla alimzungusha. Mama alisifu hii, akauliza ile imetengenezwa na nini, mpaka wakafika kwenye ukuta wa katikati.

"Simama hapo. Sogeza karibu. Hilo bati umelipata wapi? Mikebe hiyo nilikuwa nikiiona utotoni."

"Kaniletea mama yake Jaifar, Idi mosi. Kanitilia visheti."

Mama yake alimhamishia mtoto bega la pili. "Mkebe wake wa nyumbani?"

"Ndiyo. Wa zamani sana. Zawadi nzuri, siyo?"

"Na ulimrudishia na nini ndani?"

"Nini, mama?"

"Chombo, Khawla. Chombo cha mtu kikija kwako na chakula, kinarudi na kitu ndani. Hata sukari. Hata ndimu." Sauti ya mama ilikuwa imeshuka. "Na huyu si jirani. Huyu ni mwanamke ambaye mwanawe anakutaka. Kakuletea chakula kwa chombo chake cha thamani, maana yake kakuuliza. Kikirudi kimejaa, umekubali watu wake waje nyumbani. Kisiporudi..."

Hakumaliza, wala haikuhitajika.

"Mbona yeye hakuniuliza? Angesema tu."

"Mwanamume akudai mkebe? Atauweka wapi uso wake? Wala mama yake hawezi. Chombo hakidaiwi, mwanangu. Kinangojwa."

Khawla aliitazama picha yake. Aliyaona maua mekundu yaliyolala mbinguni, akaona kingo alizozilainisha kwa msasa, na kwa mara ya kwanza akauona ule mkebe. Alimuaga mama yake, akaiweka simu mfukoni, akaishika picha kwa mikono miwili na kuing'oa ukutani mbele ya wageni wote.

"Umepata wazimu?" Bashayer alimkamata mkono, bado anatabasamu kwa ajili ya watu. "Hiyo imeshachukuliwa."

"Ina mwenyewe."

"Ndiyo ninayokwambia. Hoteli."

"Si hoteli. Nitakueleza nikirudi. Bandua hilo doa, Bashayer, nakuomba."

*

Njia ya Al Amerat hupanda mlima na kuuteremka upande wa pili. Khawla aliendesha kimyakimya, picha kailaza kiti cha nyuma, kaifunika shuka. Nyumba aliijua kwa maelezo ya Jaifar: geti la kijani, mkwaju wa kwenye ndoo ambao haukubali kukua. Alibisha, akafunguliwa na mwanamke mdogo wa umbo, kavaa dera la buluu, kanga begani, miwani kaishusha mpaka ncha ya pua.

"Shikamoo, Bi Kheiria. Mimi ni..."

"Marahaba. Nnakujua. Jaifar ana picha yako kwenye simu, anadhani mie sijui. Pita ndani, usisimame mlangoni."

Khawla aliingia na mzigo wake, akauegemeza ukutani, akakaa pale alipooneshwa. Alikuwa kajitungia maneno njiani, yote yakamtoka kichwani.

"Nimekuletea mkebe wako," alisema.

"Uko wapi?"

Aliondoa shuka. Bi Kheiria aliinuka, akapandisha miwani, akaikaribia ile picha. Akanyoosha kidole akamgusa yule farasi mweusi.

"Umeukata."

"Nimeukata."

"Ubavuni mlikuwa na maua."

"Ndiyo hayo, kwenye mbingu. Niliyapiga nyundo."

Bi Kheiria alikaa chini taratibu. "Siku tuliyopanda meli kutoka Unguja, mama yangu alitia ndani pete zake na sindano zake, akanipa mie niushike. Nlikuwa mtoto. Kanambia, ukiuangusha huu, nyumba nzima imeanguka. Nkaushika mpaka Maskati, silali. Na huyu mtu wa farasi nlikuwa nkimwogopa."

Khawla angeweza kusema hakujua, na ingekuwa kweli, lakini aliona ukweli huo hautamsaidia huyu mama kitu.

"Nilidhani ni zawadi," alisema. "Nilifurahi sana, nikaharibu kitu ambacho siwezi kukurudishia. Picha nimeitoa ukutani. Haiuzwi, ni yako. Ukitaka niubandue nitaubandua, lakini sitaki kukudanganya, hautakuwa mkebe tena."

"Mie nkakaa nkingoja," Bi Kheiria alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kuchoka. "Kila gari likisimama nje, nasema huo mkebe. Mwisho nkamwambia Jaifar, mwana wa watu keshajibu, tena kajibu kwa adabu, mwache."

"Sikujibu, Bi Kheiria. Sikujua kama nimeulizwa."

"Na ungejua?"

Khawla aliona uso unamwaka moto. Alitazama chini, kisha akajilazimisha kuinua macho.

"Ningeurudisha siku ile ile. Umejaa mpaka kifuniko kisifunge."

Bi Kheiria alitazama nyuma ya Khawla, mlangoni. "Umesikia?"

"Nimesikia," Jaifar alisema. Alikuwa kasimama mlangoni, karudi kutoka msikitini, mfuko wa mikate mkononi, kofia kaisahau imekaa upande.

"Basi usisimame hapo. Mtilie mgeni kahawa. Na mie nnakwenda kuangalia nyama yangu isije ikaungua." Alijikongoja mpaka jikoni, akauacha mlango wazi.

Jaifar alikaa mbali na Khawla, kama inavyopasa, akamimina kahawa na kumwaga nusu yake kwenye trei.

"Ungeniuliza," Khawla alisema kwa sauti ya chini. "Mimi. Si mkebe."

"Ningekuuliza. Niliogopa." Aliweka birika chini. "Mkebe ulikuwa kisingizio. Nlijua nikikuuliza kwa mdomo utanijibu kwa mdomo, na jibu likiwa hapana nisingeweza kulisikia."

"Mwezi mzima umenisemesha kama karani."

"Najua. Nisamehe, mpenzi wangu. Kila siku nlipita mle mabondeni nikaona mchanga, na mkono ukaniwasha."

"Sijakusamehe," Khawla alisema, ila alikuwa keshakipokea kikombe, na vidole vyao vilikuwa vimegusana, na wote wawili walijua.

Bi Kheiria alirudi akipangusa mikono kwa kanga. Alisimama tena mbele ya picha, safari hii akaitazama yote, mchanga, ngozi, kamba, milima.

"Mie nimekasirika," alisema. "Usije ukadhani nimesahau kwa kuwa nimenyamaza. Nitakasirika mpaka nichoke. Lakini kitu kizuri nnakijua nikikiona. Irudishe ukutani, watu waitazame, kisha iletwe hapa. Na pale mnapoandika vitu vilivyotumika, muandike mkebe ni wa Hajar binti Thabit, mama yangu. Jina lake halijapata kuandikwa mahala."

"Nitaandika leo hii."

"Mama yako anarudi lini kutoka Salalah?"

"Arobaini ya dada ikitimia, inshallah."

"Mwambie akirudi ana wageni." Bi Kheiria alishusha miwani akamtazama juu yake. "Tutakuja na sahani. Na mie nitakaa hapo hapo mpaka mle, niondoke na sahani yangu mkononi."

Jaifar alicheka, akaokota trei na kukimbilia jikoni, maana mambo haya hayazungumzwi mbele ya mwanamume anayehusika. Bi Kheiria hakuondoa macho. Kwa kawaida msichana akiambiwa neno kama hilo huinamisha kichwa na kunyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ndiyo. Khawla alikuwa keshaona kimya kinavyoweza kusomwa.

"Karibuni," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Karibuni sana, mama. Nataka mje."